Seredani itoke chumbani mwa mzazi

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nimeandika kwa mkono, usiku mbili, na mjukuu wangu ndiye aliyeipiga chapa. Makosa ya herufi mlaumuni yeye; maneno ni yangu.

Mimi ni mkaazi wa Limbani, Wete. Kwa zaidi ya miaka 30 nimekuwa nikiitwa majumbani kukanda wazazi. Si mkunga wa spitali wala sina cheti. Nilifundishwa na mama, naye alifundishwa na mama yake. Mtu akijifungua Limbani, Selem, Jadida, hata Mtambwe, mimi hufika na kikapu changu: taulo mbili, mafuta ya nazi, ubani na kitambaa cha kumfungia tumbo. Na neno langu la mwanzo mlangoni, kabla hata sijavua buibui, lilikuwa: "Seredani iko wapi?"

Barua hii ni ya hiyo seredani, jiko letu la makaa.

Anayedhani Pemba hakuna baridi hajalala Wete mwezi wa Julai. Kusi likivuma usiku kucha, alfajiri joto huteremka hadi nyuzi 20 na kitu. Najua mtu wa Mbeya au Lushoto atanicheka. Lakini mzazi aliyejifungua juzi hutetemeka hata saa nane ya mchana, na kichanga hana nyama ya kujifunikia. Basi sie tumekuwa tukifanya kama tulivyokuta: dirisha linafungwa, chini ya mlango panasokomezwa kanga kuukuu, na seredani ya makaa yaliyoiva inawekwa miguuni mwa kitanda au mvunguni kabisa, ubaridi usimwingie mzazi. Usiku makaa yanafukiwa jivu yapate kufika asubuhi. Nimeyafanya hayo kwenye nyumba nisizoweza kuzihesabu.

Novemba 2022 binti yangu anayeishi Uingereza, mji wa Northampton, alinikatia tiketi niende nikamuuguze uzazi. Sanduku langu lilijaa pilipili manga, kanga, ubani na udi. Nguo za baridi nilizikuta huko. Alijifungua wiki ya pili ya Disemba, na wiki hiyohiyo theluji ikaanguka. Sitaieleza theluji, wengi mmeiona kwenye televisheni. Nitaeleza nyumba.

Nyumba za huko, nyingi, hupashwa moto kwa maji. Kuna mtambo wa gesi, wao wanauita boila, unaochemsha maji na kuyazungusha kwenye mabomba mpaka kwenye vyuma bapa vilivyobandikwa ukutani kila chumba. Ukikigusa chuma, moto kama ubavu wa sufuria. Madirisha yana vioo viwili viwili, chini ya milango pana mabrashi, hata tundu la kutilia barua lina kifuniko. Hapana pa upepo kupenya, maana joto ni pesa. Na mwaka ule pesa ilikuwa kubwa: gesi ilipanda kwa sababu ya vita vya Urusi na Ukraine, serikali yao ikaingilia kati kuanzia Oktoba ili nyumba ya matumizi ya kawaida ilipe kama pauni 2,500 kwa mwaka, na hizo pia watu walizilia. Binti yangu alikuwa na mita ya kulipia kabla, kama Tukuza yetu ya umeme, ila ya gesi. Moto uliwashwa kidogo asubuhi na kidogo jioni. Katikati tunavaa masweta, juu ya sweta sweta jengine.

Moyo wangu haukuvumilia. Mzazi wangu mwenyewe, damu yangu, alale baridi nami nipo?

Siku ya nne mkwe kenda kazini, mjukuu mkubwa yuko skuli, binti kalala na kichanga chake chumba cha juu. Nikaingia bandani nyuma ya nyumba, nikakuta mfuko wa makaa wanayochomea nyama siku za joto na jiko lake dogo la bati. Nikawasha nje kwenye theluji, nimejitanda blangeti. Sikufanya papara, kazi yangu naijua. Niliyapepea mpaka yakaiva yote, mekundu, na jivu jepesi juu, hapana hata uzi wa moshi. Nikaliweka jiko juu ya trei ya oveni, nikapanda nalo ngazi, nikalitua miguuni mwa kitanda, nikatia chembe moja ya ubani, nikafunga mlango. Chumba kikaanza kupendeza. Nikakaa kitini nikavuta tasbihi.

Haikupita nusu saa, kidude cheupe kilichobandikwa ukutani karibu na kabati kikaanza kulia. Milio minne, kinanyamaza, milio minne tena. Nikasema huo ni ubani wangu, nikapepea kwa kanga. Hakinyamazi. Na kwenye kioo chake pana namba, inapanda. Binti akazinduka, akatazama ukutani, akatazama jiko, akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kinywani mwake tangu nimzae. "Mama, dirisha! Fungua dirisha!" Akamzoa mtoto, akateremka mbio, akatoka nje na soksi mpaka mlangoni kwa jirani. Mimi nikabaki nimeinamia makaa yangu, machozi yananitoka. Niliona nimefukuzwa.

Jioni mkwe wangu hakunigombeza. Alikaa chini, si kitini, akasema: "Mama, kile si kidude cha moshi. Ubani ungefuka mpaka kesho kisingelia."

Ndipo nikaambiwa. Boila imo ndani ya kabati la chumba kile, na kwa kuwa wao ni wapangaji, sheria inamlazimu mwenye nyumba abandike kidude hicho. Kumbe sheria yenyewe ilikuwa mpya. Tangu 2015 iligusa vyumba vyenye moto wa kuni au makaa ya mawe tu. Iliongezwa ifike kwenye vyumba vyenye boila za gesi tarehe 1 Oktoba 2022. Kidude kile kilikuwa na miezi miwili na siku kadhaa pale ukutani. Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi usiku.

Kinachotoka kwenye makaa kinaitwa kaboni monoksidi. Ni gesi, nayo ndiyo iliyokiliza kile kidude. Haina harufu, haina rangi, haina ladha, wala haiwashi macho. Sie tumelelewa kwa maneno kwamba panapofuka moshi pana moto, na ukweli ni kwamba moshi angalau hukupigia hodi: utakohoa, utatoka machozi, utafungua mlango. Makaa mekundu yasiyofuka, yale ninayoyasifu mimi kuwa yameiva, hayapigi hodi. Gesi inaingia pamoja na pumzi. Damu yetu ina chembe zinazobeba oksijeni kuipeleka mwilini, na gesi hii hung'ang'ania chembe hizo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mkwe alinipa mfano wa daladala: viti vimejaa watu wasioteremka, na abiria wa haki wamesimama njiani. Gari inakwenda, mtu anahema, lakini anayetakiwa hafiki. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu, halafu usingizi mtamu. Mwenye kulala ndani ya usingizi ule huenda asiamke.

Jirani aliyempokea binti yangu ni kizee wa Kiingereza anayeishi peke yake. Kesho yake nilimpelekea sambusa kumshukuru, na hapo ndipo nilipoona moto wa kuni Ulaya kwa mara ya kwanza. Sikutaka kuondoka. Ana tanuri dogo la chuma cheusi lenye mlango wa kioo, na juu yake dohani inayopanda mpaka nje ya paa. Kuni zake kazipanga uani ukutani, zimeinuliwa juu ya mbao zisiguse ardhi, juu zimefunikwa, ubavuni ziko wazi zipigwe na upepo. Alisema huzipasua na kuziacha viangazi viwili. Kisha akanionyesha kidude chenye miiba miwili cha kupimia maji yaliyomo ndani ya kuni (hawa watu wana kidude cha kila kitu). Akapasua gogo, akachoma miiba pale penye mpasuko mpya, ikasoma asilimia 16. Ikiwa juu ya 20 haitii motoni, maana kuni mbichi hula moto wake wenyewe kukausha maji yake, na moshi wake unaganda ndani ya dohani kama lami. Lami hiyo siku moja hushika moto. Tangu 2021, huko kwao, hata muuzaji haruhusiwi kuuza kuni mbichi za mzigo mdogo.

Nikachukua kuni mbili nikazigonganisha. Zikalia kwa, kwa. Nikamwambia binti amtafsirie kwamba bibi yangu hakuwa na kidude, alikuwa na masikio: iliyokauka inalia, mbichi inasema "bu". Kizee alicheka mpaka akakohoa, akajaribu, akakubali.

Yeye ndiye aliyenisimulia ya London. Disemba 1952 alikuwa mtoto mdogo huko. Baridi kali, hewa imetulia, kila nyumba inachoma makaa ya mawe, na moshi ukakaa juu ya mji siku tano. Makondakta walitembea mbele ya mabasi na taa mkononi kuwaonyesha madereva njia. Kwa hesabu ya wakati ule walikufa watu wapatao 4,000, na ndipo mwaka 1956 ikatungwa sheria ya hewa safi. "Huo," alisema, "ni ule tuliouona."

Nilipotazama ukutani kwake, nikaona kidude cheupe kilekile. Nikamuuliza, wewe una dohani, una kuni kavu, chako cha nini? Akasema ndege akijenga kiota juu ya dohani hatampigia simu.

Mhariri, sasa nirudi kwangu, maana jambo lililonifanya nishike kalamu halikutokea Northampton.

Binti huyu nilimzaa Julai 1988. Marehemu mume wangu alikuwa amemaliza kujenga chumba kipya cha matofali, paa la bati, dari ya mbao, dirisha moja. Alikionea fahari. Mama yangu akanitia humo na seredani. Siku ya pili kichwa kikaniuma kama kinapasuliwa, nikatapika uji wote wa pilipili manga, mtoto hataki kunyonya, amelegea kama kitambaa. Wakasema ni upepo mbaya. Wakaongeza ubani, wakaongeza makaa. Nilipozidi, wakaniamulia nikaombewe nje barazani ili watu wapate nafasi. Wakanitoa na mtoto wangu kwenye mkeka, dua ikasomwa, na kabla ya adhuhuri nikaomba chai, mtoto akashika ziwa. Wote tukasema alhamdulillah, dua imejibiwa. Jioni wakaturudisha chumbani. Usiku kichwa kikarudi.

Mara tatu ilikuwa hivyo. Mara tatu nikatolewa barazani nikapona. Dua siidharau, na ninaamini Mungu ndiye aliyewapa akili ya kunitoa nje. Lakini miaka 34 nimehesabu kuwa mimi na binti yangu tuliepushwa na shetani, kumbe shetani mwenyewe alikuwa seredani ya mama.

Nimejiuliza kwa nini bibi yangu hakupatwa, wala mama yake. Jawabu niliipata nikiwa nimelala nikitazama dari. Nyumba ya bibi ilikuwa ya miti na udongo, paa la makuti, na baina ya ukuta na paa pana uwazi wa kupita paka. Makuti yenyewe yanapumua. Weka seredani humo, joto litabaki kidogo, gesi itajiondokea. Sisemi palikuwa na salama kamili, nasema nyumba ilikuwa na pua. Leo vijana wetu wanajenga matofali ya saruji, dari ya jipsam, madirisha ya alumini ya kuteleza ambayo ukiyafunga husikii hata adhana. Nyumba nzuri, hongera zao. Ila tumeichukua seredani ya nyumba ya makuti tukaiingiza ndani ya chupa.

Na si makaa peke yake. Wa Unguja watakumbuka ile miezi mitatu ya kiza, kuanzia Disemba 2009, umeme ulipokatika kisiwa kizima. Dada yangu alikuwa akiweka jenereta ukumbini wezi wasiibebe, nyumba nzima wakiamka vichwa vizito wakisema ni homa. Gesi ni hiyohiyo.

Kipupwe hiki mpwa wangu kajifungua, nyumba mpya, alumini na jipsam. Nilipofika nilikuta seredani mbili, moja mvunguni. Nikazitoa zote mbili nikaziweka uani. Wazee wenzangu, wengine nimewakanda mimi mwenyewe, walinijia juu. Mmoja akasema nimekwenda Ulaya mwezi mmoja nimerudi mzungu. Mwengine, ambaye namheshimu kuliko wote, akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu haraka: "Na wale tuliowazika, uliowakanda wewe?" Nikanyamaza. Wapo wawili ninaowakumbuka, kichanga mmoja na mama mmoja, walioondoka usingizini wakati wa kusi. Siwezi kusema ni makaa. Siwezi kusema si makaa.

Kwa hiyo yaliyo mkononi mwangu sasa ni haya. Namkanda mzazi kwa maji ya moto kama zamani, tena zaidi. Uji wa pilipili manga, supu, soksi, blangeti, tumbo limefungwa. Seredani inawaka uani. Ndani yake natia jiwe, likishika moto nalifunga kwenye taulo na kumweka mzazi miguuni, mbali na mtoto. Mwenye mpira wa maji ya moto wa duka la dawa, bora zaidi. Nguo zinafukizwa udi nje, kisha zinaingizwa. Mtoto hapashwi kwa moto wowote: anavuliwa, anawekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga na blangeti juu yao wote wawili. Wakunga wa spitali wanaiita kangaruu. Ilianzia Bogotá, Colombia, miaka ya 1970 mwishoni, spitali yenye watoto njiti wengi na mashine chache. Kifua cha mama hakiishiwi makaa. Na ile haraka yetu ya kumkosha mtoto mara anapotoka nimeiacha pia: Shirika la Afya Duniani linashauri asikoshwe mpaka zipite saa 24, maana kukoshwa ndiko kunakomtia baridi.

Msiniambie mtaweka bakuli la maji pembeni au kitunguu kilichokatwa. Nimeulizwa hayo kila nyumba. Gesi hii hainywi maji wala hailambi kitunguu. Mkikuta mtu kalegea kwenye chumba cha makaa, kwanza mtoeni nje, mambo mengine baadaye, kisha spitali akatiwe oksijeni. Na huko mseme wazi kwamba palikuwa na makaa chumbani. Muuguzi aliyekuja kututazama Northampton alinieleza kuwa kile kipimo cha kubana kidole huweza kuonyesha oksijeni iko sawa na hali haiko sawa, kwa sababu hakiitofautishi gesi hii na oksijeni ndani ya damu. Daktari asipoambiwa atatafuta malaria.

Nina ombi moja kwa wafanyabiashara wa Darajani na Chake, ambao simu mpya ikitoka Dubai leo kesho wanayo. Vidude hivi nimevitafuta madukani kwetu, sikuviona. Si vikubwa, vinatumia betri, vinadumu miaka saba mpaka kumi. Vileteni. Watu watanunua wakishajua, na mimi nitawajulisha, kwa sababu naingia nyumba nyingi kuliko redio.

Kwa sasa ninacho kimoja tu, mkwe alinitilia sandukuni bila ya kuniambia. Kiko kwa mpwa wangu mpaka arubaini yake iishe, juu ya kabati, pembeni ya picha ya Makka. Baada yake wameshakiandikia wawili, mmoja Kipangani na mmoja Mtambwe, kwa hiyo atakayekitaka aniletee habari mapema.

Bibi Mkandaji,
Limbani, Wete, Pemba